Nani anaona? Mwongozo wa kuchagua nafsi, nyakati na viashiria katika hadithi ya Kiswahili

Mswada wa hadithi ukinifikia, usomaji wangu wa kwanza haufuati kisa. Nashika penseli na kupigia mstari kila kitu kinachonionyesha nani anaona: kiambishi cha nafsi, kiambishi cha wakati, kiashiria, neno la mahali, vijineno kama "kumbe" na "eti". Kurasa chache zinatosha kunijulisha kama mwandishi ameamua au bado anapapasa. Kisa chenye kasoro hurekebishika. Mtazamo usiotulia ni shida kubwa zaidi, kwa sababu humchosha msomaji bila yeye kujua kinachomchosha, naye huiweka hadithi kando akisema tu kwamba haikumshika.

Darasani tulifundishwa nafsi tatu, pamoja na yule msimulizi maizi anayejua yaliyomo mioyoni mwa watu wote. Mafundisho hayo ni sahihi, ila yanaishia mlangoni. Mwaka 1972 mwanazuoni wa Kifaransa Gérard Genette alitenganisha maswali mawili ambayo yalikuwa yakichanganywa: nani anasema, na nani anaona? Anayesema anaweza kuwa sauti isiyo na jina wala mwili, huku anayeona ni mhusika aliyesimama gizani akitetemeka. Swali la kwanza Kiswahili hulijibu waziwazi kwa ni-, u- na a-. La pili hujibiwa na vitu vidogo vilivyotawanyika katika sentensi nzima, na hivyo ndivyo ninavyotaka tuvishike mkononi.

Andika tukio moja mara tatu

Kabla ya kuandika sura, chukua tukio lake moja uliandike kwa macho matatu. Hapa nitamtumia Rehema, anayerudi usiku na kuukuta mlango wake wazi.

*Rehema alifika mlangoni. Mlango ulikuwa umefunguliwa na Idi, kaka yake, ambaye wakati huo alikuwa amejificha nyuma ya pazia.*

*Rehema alifika mlangoni. Uko wazi. Nani ameufungua?*

*Mwanamke mmoja alifika mlangoni. Akasimama. Akausukuma mlango kwa kidole, akarudi nyuma hatua moja.*

Zote tatu ni nafsi ya tatu. Katika ya kwanza msimulizi anajua kuliko Rehema, na msomaji anamhofia Rehema. Katika ya pili tunajua kile anachokijua yeye tu, hivyo tunaogopa pamoja naye. Katika ya tatu tunajua kidogo kuliko yeye: tunauona mwili, moyo umefungwa. Ukiisha kuandika, jiulize ni hofu ya aina gani unayoitaka katika tukio hilo. Jibu ndilo litakalochagua, na utashangaa mara ngapi huchagua kinyume cha ulivyopanga.

Tazama pia majina. Tukiwa nje, "mwanamke mmoja" ni sawa kabisa. Tukiwa ndani ya Rehema, hatuwezi kumwita "mwanamke yule", kwa kuwa hakuna mtu anayejifikiria hivyo. Wala hawezi kumwona kaka yake na msimulizi akaandika "mwanamume mrefu mwenye kovu shavuni", isipokuwa kama hajamtambua bado. Waandishi hufanya hivi kwa kuogopa kurudia jina "Idi", wakitafuta visawe: kijana huyo, mwanamume huyo, mtu huyo. Kila kisawe kinamtoa msomaji ndani ya kichwa cha Rehema na kumsimamisha barabarani. Rudia jina. Jina halichoshi.

Mnyororo wa -ka-

Hakuna kiambishi ninachokipenda kama -ka-, na hakuna kinachotumiwa ovyo kama hicho. Kazi yake ni kufunga tukio kwenye mkia wa tukio lililotangulia: *Alifungua mlango, akaingia, akawasha taa, akaketi.* -li- inafungua, -ka- zinafuata. Msomaji anajua bila kuambiwa kwamba mambo yalitokea kwa mpangilio huo, na mara nyingi anahisi kwamba moja limelizaa jingine. Linganisha *Alianguka akafa* na *Alianguka na kufa*. Sentensi ya kwanza ina msukumo. Ya pili inatoa taarifa.

Kwa hiyo -li- mpya katikati ya mnyororo ina maana. *Akaingia, akawasha taa, akaketi. Alimkumbuka mama yake.* Hapo mnyororo umekatika na msomaji amevuta pumzi. Ukikata kwa makusudi, umempa nafasi ya kuingia moyoni mwa Rehema. Ukikata kwa sababu umesahau, unaonekana umejikwaa. Pitia kila -li- katika ukurasa na uulize: je, hapa ninaanza kitu kipya?

Kumbuka pia kwamba mnyororo hukatika wenyewe pale kuna kukanusha. Tunasema *Akaingia, akatazama huku na huku, hakuona mtu, akaketi.* Hilo "hakuona" linatua kwa uzito kwa sababu ni jiwe pekee lisilofanana na mengine mstarini. Mwandishi makini huliweka mahali panapouma.

Kuna jambo jingine kuhusu -ka- ambalo sijaona likisemwa vya kutosha: inabeba mdomo wa msimulizi. Masikio yetu yameizoea kutoka katika ngano, kwa hiyo tukisikia akafanya hiki, akafanya kile, tunamhisi mtu ameketi akitusimulia. Hilo ni jema ukimtaka msimulizi asikike. Ukitaka atoweke, tuzame ndani ya Rehema peke yake, punguza -ka- na uache sentensi zisimame mbalimbali:

*Rehema aliwasha taa. Kiti kimesogezwa. Droo iko wazi. Hakuna sauti.*

Umeona -me- ilivyoingia katikati ya masimulizi ya wakati uliopita? Huo si uvunjaji wa sarufi. -me- inaonyesha hali iliyopo mbele ya macho ya mtu wakati huo, nasi tumesimama penye macho hayo. Ungeandika *Kiti kilikuwa kimesogezwa*, sarufi ingekuwa safi vilevile, ila msimulizi angekuwa amerudi kati yetu na kiti.

Wapo wanaopenda kusimulia hadithi nzima kwa wakati uliopo: *Rehema anafika mlangoni. Anausukuma.* Inafaa hadithi fupi, hasa ya nafsi ya kwanza, ambapo msimulizi mwenyewe hajui yatakayompata. Katika riwaya ndefu naona gharama yake ni kubwa, kwani unaupoteza ule mnyororo. Unabaki na *anaingia na kuwasha taa na kuketi*, au na "kisha" na "halafu" zisizokwisha. Kama huna sababu inayotoka ndani ya hadithi, baki na -li-.

a- mbili zikikutana

Hapa ndipo Kiswahili kina ugumu wake, na uzuri wake pia. Kiambishi a- hakisemi kama mtu ni wa kike au wa kiume, na wahusika wawili wa nafsi ya tatu hupata kiambishi kilekile. Soma:

*Rehema alimpa Asha barua. Aliifungua, akaisoma, mikono yake ikaanza kutetemeka.*

Mikono ya nani? Msomaji atakisia kuwa ni ya Asha, na kila kisio linapunguza nguvu ya tukio. Dawa ziko kadhaa, na kila moja inafanya kitu chake kwenye mtazamo.

Jina ndilo dawa ya kwanza, na nimeshalisema. Ya pili ni "naye", neno linalohamisha utendaji kwa utulivu: *Rehema alimpa Asha barua, naye akaifungua.* Msikilizaji yeyote anajua kwamba sasa ni Asha. Ya tatu ni "huyu" na "yule", ambazo zinafaa panapokuwa na ulinganisho: *huyu aliifungua, yule akageukia dirishani.* Zitumie kwa uchache, maana zinatuweka mbali na wote wawili, kama hadhira ya jukwaani.

Dawa ya nne ndiyo ninayoisisitiza sana: kauli ya kutendwa. *Asha alipewa barua na Rehema. Aliifungua, akaisoma, mikono yake ikaanza kutetemeka.* Sasa hakuna utata, kwa kuwa Asha ndiye mwenye a- tangu mwanzo. Wanaoshauri kuikwepa kauli ya kutendwa katika hadithi wanakosea kwa upande wetu. Katika Kiswahili inamweka mwenye mtazamo kwenye kiti cha kiima hata pale asipotenda lolote: *aliitwa, akaulizwa, akaachiwa, akasahauliwa.* Mtu mnyonge anaweza kuumiliki ukurasa mzima kwa njia hiyo, na unyonge wake ukaonekana katika vitenzi vyenyewe.

Dawa ya tano ni kubwa zaidi, nayo ni kumgeuza mmoja wao kuwa "mimi". Tukio la watu wawili, lenye mabishano na kugusana, mara nyingi hunyooka mara tu mmoja wao anapopewa ni-. Ukiona unahangaika na a- katika kila sura, huenda hadithi yenyewe inakuomba nafsi ya kwanza.

Na huo upofu wa a- kuhusu jinsia ni hazina. Unaweza kusimulia hadithi ya mapenzi mwanzo hadi mwisho bila msomaji kujua kama mpenzi ni mwanamume au mwanamke, na usilazimishe sentensi hata moja. Daktari, jirani, mwenzangu, rafiki, mpenzi, mtoto, yote yanaficha. Yanayofichua ni machache, ila ni ya hatari: kaka, dada, shangazi, mjomba, na zaidi ya yote vitenzi "kuoa" na "kuolewa". *Alioa* imeshasema kila kitu. Tumia *alifunga ndoa* au *walioana*, na siri itabaki salama hadi utakapoamua mwenyewe kuifungua.

Ondoa "kwamba", acha "kesho" na "hapa"

Linganisha *Rehema alimsikia Idi akilia* na *Rehema alisikia kwamba Idi alilia.* Kwa -ki- sauti iko masikioni mwake sasa hivi, kilio hakijakoma. Kwa "kwamba" imekuwa habari, pengine ameletewa na mtu. Vivyo hivyo *Alimwona Idi ameketi* ni picha, na *Aliona kwamba Idi aliketi* ni ripoti ya shahidi. Tafuta kila "kwamba" katika mswada wako. Nyingi zitakubali kuondoka, na mhusika atasogea karibu.

Sasa lile somo la usemi halisi na usemi wa taarifa. Tulijifunza kubadili: kesho iwe siku iliyofuata, hapa pawe pale, sasa iwe wakati ule. Tukapata:

*Rehema alisema, "Kesho sitakuwa hapa."*

*Rehema alisema kwamba siku iliyofuata hangekuwepo pale.*

Ipo njia ya tatu ambayo mitihani haikutuuliza, na mtunzi anaihitaji kuliko hizo mbili:

*Rehema aliutazama ukuta. Kesho hatakuwa hapa. Watamtafuta wapi?*

Nafsi ni ya msimulizi, kwa sababu tunasema "hatakuwa", si "sitakuwa". Lakini "kesho", "hapa" na -ta- ni vya Rehema mwenyewe. Sauti mbili zimekaa ndani ya sentensi moja, bila alama za kunukuu, bila "aliwaza kwamba", bila "alijiuliza". Ukiimudu njia hii unaweza kuingia na kutoka katika kichwa cha mhusika ndani ya aya moja, na msomaji asione mshono. Jizoeze hivi: andika wazo la mhusika kama usemi halisi, kisha badilisha viambishi vya nafsi tu. Vingine vyote viache kama alivyovisema.

Mahali pia panaona. "Humu ndani" husemwa na aliye ndani, "mle ndani" na aliye nje au aliyekwisha kutoka. *Idi alikuja dirishani* inamweka mwenye macho dirishani, *Idi alikwenda dirishani* inamweka kwingine. Kuleta na kupeleka vina tabia hiyohiyo. Nimeona tukio zuri la watu wawili chumbani likivurugika kwa "alikuja" moja iliyotuhamishia kwa mhusika asiyehusika na mtazamo ule. Ukihariri, amua kwanza mwenye macho amesimama wapi, kisha pitia vitenzi vya mwendo kimoja kimoja.

Kumbe, eti, labda

*Kumbe mlango ulikuwa wazi muda wote.* Mtu fulani amegundua jambo sasa hivi. Ni nani? Kama ni Rehema, vyema. Kama ni msimulizi maizi, ambaye tangu ukurasa wa kwanza anajua kila kitu, basi amejifanya hajui, na msomaji hukumbuka. *Eti alikuwa kazini* ina mtu asiyeamini maneno ya mwenzake. "Labda", "huenda", "lazima alikuwa" ni za anayekisia, na anayejua yote hakisii. Vijineno hivi ni vyepesi kiasi kwamba huponyoka kalamuni, ila kimoja tu kinatosha kutaja mwenye kichwa. Viweke pale unapotaka tujue tumo ndani ya nani, na uviondoe penginepo.

Umbo la jina nalo hubeba hukumu. *Jitu lile liliingia bila hodi.* Kuligeuza "mtu" kuwa "jitu" na kulipatanisha na li- badala ya a- ni kumwondolea utu, na anayefanya hivyo anaogopa au anachukia. Hakikisha woga huo ni wa mhusika uliyemchagua. *Kijumba* vilevile: nani anakiona kidogo, anayeishi humo au mgeni?

Mimi, wewe, sisi

Nafsi ya kwanza ina watu wawili ndani yake: yule aliyeishi jambo na huyu anayelisimulia. Amua umbali kati yao kabla ya kuanza. Sentensi kama *Ningalijua, nisingaliufungua mlango ule* ni ya huyu wa sasa, na kila unapoiandika unamtoa msomaji kwenye tukio ili atazame nyuma. Moja katika sura inatosha, pengine ni nyingi. Chunga pia neno "mimi" lenyewe. ni- imeshafanya kazi, na *Mimi nilifungua* inasikika kama unakana kwamba mwingine ndiye aliyefungua. Na mara nyingi "niliona", "nilisikia" na "nilihisi" hazihitajiki. *Ngazi zililia* inatosha, kwa kuwa tumeshajua masikio ni ya nani.

"Wewe" ni ngumu kwetu kwa sababu *ukifika, unausukuma mlango* ndivyo tunavyoelekeza njia na kutoa maagizo, na vilevile ndivyo tunavyozungumzia mtu yeyote. Msomaji atadhani anafundishwa. Ukiitaka, mpe huyo "wewe" mambo ambayo hayawezi kuwa ya mtu mwingine: kovu, deni, jina la utani alilopewa utotoni.

tu- haisemi kama msikilizaji yumo au hayumo. Msimulizi wa "sisi" anaweza kumhesabu msomaji miongoni mwa wenye hatia bila kumwomba ruhusa, nami nasikitika kuona jinsi tunavyoitumia kidogo.

Neno moja kuhusu hu-: haipokei kiambishi cha nafsi. *Huamka alfajiri, huketi dirishani.* Ni nani? Bila jina karibu, inaweza kuwa mimi, wewe, yeye au wao. Aya inayofunguka hivyo inaweza kumficha mwenye macho kwa muda mzuri. Aya inayofanya hivyo kwa bahati mbaya inamwacha msomaji hewani.

Jaribio la mwisho

Rasimu ikikamilika, chagua ukurasa wa nafsi ya tatu unaodai kuwa ndani ya mhusika mmoja. Ugeuze wote uwe nafsi ya kwanza: a- iwe ni-, -m- yake iwe -ni-, -ake iwe -angu, ha- iwe si-. Usome kwa sauti. *Rehema alifungua droo* inakuwa *Nilifungua droo*, nayo inasimama imara. *Rehema alionekana amechoka* inakuwa *Nilionekana nimechoka*, na hapo ulimi unakwama. Amechoka machoni pa nani, na chumbani yuko peke yake? Zungushia duara kila sentensi iliyokwama. Hizo ndizo sehemu ambapo msimulizi alichungulia bila kualikwa. Baadhi utaamua kumwachia, kwa kuwa analijua jambo ambalo Rehema halijui na msomaji analihitaji sasa. Zilizobaki ziandike upya kutoka alipo Rehema, kwa kile ambacho mikono na macho yake yanaweza kukifikia: viatu avivue bila kuinama, begi liachwe lianguke palepale mlangoni.